Ukiona Vyaelea

Kwetu Kyela maji hayabishi hodi. Masika yakikolea, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kwa kishindo kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na sisi tuliojenga bondeni ndio tunaopokea mzigo wote. Usiku mmoja wa Aprili 2024 niliamka kwenda msalani, nikashusha mguu kutafuta ndala, nikakanyaga maji. Ndala zenyewe zilikuwa zimeshafika mlangoni, zinaelea kama mitumbwi miwili.

Kitu cha kwanza nilichokumbuka hakikuwa mchele wala godoro. Nilikumbuka boksi la sabuni chini ya kitanda. Humo ndimo nilimokuwa nimeweka riwaya yangu.

Usinicheke. Riwaya hiyo nilianza kuiandika mwaka nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalipotoka na jina langu likaonekana mahali ambapo hakuna mzazi anayependa kuliona. Wenzangu waliofaulu walikwenda kidato cha tano, wengine wakaingia bodaboda, wengine wakavuka Kasumulu kutafuta dili za Karonga. Mimi nilinunua kaunta buku ya kwaya tatu na biki mbili. Hadi siku hiyo ya mafuriko nilikuwa na kaunta buku nne zilizojaa mwandiko, mbele na nyuma. Zile za zamani, ya kwanza na ya pili, zilikuwa chini kabisa ya boksi. Ya tatu na ya nne zilikuwa juu.

Za juu zililowa pembeni tu. Za chini zilikuwa zimekwisha. Niliifungua kaunta buku ya pili kwa mwanga wa simu, kurasa zikawa zinanyofoka kama ngozi ya maziwa, na wino umegeuka uji wa buluu. Sura saba! Nilikaa juu ya kitanda, miguu ndani ya maji, nikashindwa hata kulia.

Ya kwanza ilikuwa na mkasa wake mwingine. Mwaka mmoja kabla, niliipeleka kwa mchapaji wa steshenari moja ambayo sitaitaja, shilingi 500 kwa ukurasa, akanichapia kurasa 140. Piga hesabu mwenyewe, ni shilingi 70,000, na mimi nilizipata kwa kubeba magunia ya mpunga. Akaniwekea kazi yangu kwenye flashi. Wiki mbili baadaye nilirudi ili tuendelee, akaichomeka flashi, mara akaguna. Badala ya riwaya tukaona alama ndogo zenye mshale, ukibonyeza hazifunguki. "Virusi vimekula," akasema, kama mtu anayekutangazia kwamba mvua imenyesha. Na kwenye kompyuta yake? Alishaifuta. Nilirudi nyumbani na flashi mfukoni, nikajisemea potelea mbali, si kaunta buku ninayo? Sasa kaunta buku nayo ndiyo hiyo, uji.

Basi nikafanya uamuzi. Nilitaka kompyuta yangu mwenyewe. Kila anayeandika siku hizi anajua ukweli huu mchungu: wahariri hawataki mwandiko wako hata uwe mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Tuzo ya Mabati-Cornell ilipoanza mwaka 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023, nilikuwa nasoma habari za washindi kwenye simu huku nikijiuliza: hivi mimi nitatuma nini? Boksi la sabuni?

Mshiko ulitoka mahali ambapo sikutegemea. Mama ana miti ya kakao nyuma ya nyumba, na mwaka 2024 kakao ilipanda bei duniani kote kwa sababu mavuno ya Afrika Magharibi yalikuwa mabaya. Huko kwenye masoko ya dunia tani moja ilivuka dola 10,000. Hapa Kyela watu ambao miaka yote waliidharau kakao walianza kulala nayo ndani. Mama alipolipwa na chama chake cha msingi, aliniita usiku, akanihesabia shilingi 350,000 kwenye mkeka.

"Hii ni ya chuo cha udereva," akasema. "Upate leseni. Mjomba wako ana gari la mzigo, atakuchukua. Uandishi utaandika siku za mapumziko."

"Ndaga fijo, Mama," nikajibu. Ahsante sana.

Hapa ndipo naomba nikiri. Sikumwambia kitu. Nilipokea ile hela kwa mikono miwili, nikapiga goti, na kesho yake nikapanda Kosta kwenda Mbeya kujiandikisha chuo cha udereva, kumbe naelekea Mwanjelwa kwa mafundi wa kompyuta.

Kwa nini kuunda, na si kununua iliyokwisha kuundwa? Nami nilijiuliza. Kompyuta mpakato za mtumba zilikuwepo, lakini kwa bei niliyoiweza zilikuwa zile ambazo betri imekufa na bawaba ya kioo imefungwa kwa gundi. Zikifa, zinakufa zote. Kompyuta ya mezani ni kama baiskeli. Ikiharibika cheni unanunua cheni, ringi ikipinda unanyoosha ringi, baiskeli inaendelea. Na sisi watu wa Kyela mambo ya baiskeli hatufundishwi. Nilikuwa nimetazama video kwa miezi mitatu, bando langu lote la usiku liliishia humo, na nilijiona fundi tayari.

Fundi niliyemkuta alikuwa mtu mzima wa makamo, kibanda chake chembamba kama korido, mashine za mtumba zimepangwa hadi darini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unatafuta nini, dogo?"

Nikamwambia. Hakucheka. Alivuta stuli, akanichorea juu ya kipande cha boksi. Prosesa, akasema, huyo ni mpishi. Ramu ni meza anayokatia vitunguu: ikiwa ndogo, kila mara atasimama kupanga vitu upya. Diski ni ghala la mpunga, ndiko vitu vinakolala hata umeme ukikatika. Mothabodi ni jiko zima, mahali wote wanapokutana. Pawa saplai ni moto. "Na wote hao," akasema akinyanyua kidole, "lazima wawe wa kabila moja. Hapa hakuna ndoa ya mseto."

Sikumwelewa mpaka niliponunua ramu kwenye kibanda cha jirani kwa sababu ilikuwa rahisi kwa shilingi 5,000. Nilirudi nayo nikitabasamu. Fundi aliichukua, akaiweka sambamba na nyingine. Zilikuwa na urefu ule ule, na meno ya dhahabu 240 kila moja, lakini pengo la katikati ya meno halikukaa mahali pamoja. Yangu ilikuwa DDR2, ya kizazi cha nyuma. Mothabodi ilitaka DDR3. "Ungeilazimisha ingevunjika, au ingevunja," akasema. Nikaenda kuibadilisha kwa aibu, na yule wa kibanda cha pili akanikata shilingi 2,000 ya usumbufu.

Orodha yangu ya siku ile bado ninayo, nimeibandika ukutani: mothabodi ya H61, shilingi 70,000, prosesa ya Intel Core i3-2100, shilingi 25,000, ramu ya gigabaiti 4, shilingi 20,000, diski, shilingi 35,000, monita ya inchi 17, shilingi 70,000, keisi tupu, shilingi 15,000, kibodi na mausi, shilingi 15,000. Zilibaki shilingi 100,000, na bado sikuwa na pawa saplai. Fundi alikuwa nayo moja nzuri ya 60,000. Mimi nikaiona nyingine mahali pengine, kubwa, nzito, imetoka ng'ambo, inauzwa 50,000. Uzito wake ulinidanganya. Nikadhani kitu kizito ndicho imara.

Nilirudi Kyela jioni na mzigo ndani ya kiroba, monita nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga, kilomita zaidi ya mia moja za kona za Tukuyu. Kila dereva alipofunga breki nilimwombea dua. Nyumbani nilimwambia Mama kwamba monita ni ya rafiki yangu, nimemshikia tu. Uongo wa pili umeona ulivyozaliwa na wa kwanza?

Nilingoja hadi Mama aende shamba. Nikatandika mkeka, nikapanga vitu, nikaunganisha kwa kufuata video. Sitakuchosha na habari za asubuhi ile, kwa sababu haikuwa ndefu. Nilichomeka waya ukutani, nikabonyeza swichi ya nyuma.

Paa!

Mlio kama wa baruti ya sikukuu, cheche ya buluu, na moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua pamoja na plastiki. Umeme wa nyumba nzima ukazima. Kuku wakaruka nje. Watoto wa jirani walikuja mbio wakasimama mlangoni, mmoja akauliza, "Kaka, umeua nini?"

Mama aliporudi, harufu ilikuwa bado ipo. Aliweka jembe chini, akatazama mkeka, akatazama kiroba, akatazama monita ya rafiki yangu. Akakaa kwenye kigoda.

"Hiki ndicho chuo cha udereva?"

Nikamweleza yote. Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa afadhali. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu: "Kakao ile nimeivunja mwenyewe kwa panga, mwanangu. Nikaifunika kwa majani ya mgomba ichachuke, siku sita nageuza. Nikaianika, mvua ikija naianua, jua likitoka naianika. Kama ungesema unataka kompyuta, labda ningekataa. Lakini ungekuwa umesema."

Kisha akatoa hukumu. Nimrudishie shilingi 50,000 ya kile kilichoungua, na shilingi 50,000 nyingine ya uongo. "Uongo nao una bei," akasema, akaenda kuosha miguu.

Msomaji mwenzangu, nimesoma vitabu vingi, ila sentensi ile sijaipata kwenye kitabu.

Nililipa deni kwa usipa. Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaovuliwa usiku kwa taa wakati mwezi umelala. Alfajiri nilikuwa nanunua Matema, naanika, kisha nabeba kwa baiskeli hadi Ipinda kuuza. Milima ya Livingstone iko pale pale mgongoni kwako, imeinama juu ya maji kama inataka kunywa. Miezi mitatu. Shilingi 3,000 leo, kesho 4,500, keshokutwa mvua imelowesha anikio na faida imekwenda na mvua. Kila Jumamosi akina mama wa Kikisi walileta vyungu vyao kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo. Nilipenda kukaa karibu nao kwa sababu ya kivuli. Mmoja wao, kabla hajamkabidhi mteja chungu, alikinyanyua, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kilicholia vizuri aliuza. Kilicholia dufu alikitenga pembeni, hata kama kwa macho kilikuwa kizima. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda wakati wateja ni wengi. Akanijibu bila kunitazama, "Ukivipiga vikiwa vimepangana, hujui kipi ndicho kibovu."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeunganisha vyote kwa pamoja, nikaviwasha kwa pamoja, na sasa nilikuwa sijui hata kipi kimekufa. Labda ni pawa saplai peke yake. Labda mothabodi nayo, na mpishi, na meza, na ghala. Shilingi 300,000 za kakao zilikuwa zimelala ndani ya kiroba, na mimi nilikuwa siwezi kusema kama ni hai au maiti.

Desemba nilimaliza deni. Mama alizihesabu zile hela, akatoa 30,000, akanirudishia. "Nauli," akasema. Hakusema ya kwenda wapi.

Fundi wa Mwanjelwa alinikumbuka. Nilimwamkia, nikafungua kiroba. Kabla sijaeleza chochote aliinama akanusa ile pawa saplai. "Harufu hii naijua," akasema. Akaigeuza, akanionyesha nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, kiswichi kidogo chekundu. Juu yake pameandikwa 115. Ukikisukuma upande wa pili panaandikwa 230.

Kumbe zile mashine zinatengenezwa zitumike nchi mbalimbali. Kuna nchi umeme wake ni wa volti 115 hivi, kama Marekani. Sisi Tanzania wetu ni volti 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115, ndani mle umeme unaongezwa mara mbili ili utoshe. Sasa wewe umempelekea 230, naye kwa uaminifu kabisa anauzidisha mara mbili. Lazima kitu kipasuke. Kosa lilikuwa la kidole, wala halikuhitaji hata senti moja kulizuia. Shilingi 100,000 na miezi mitatu ya usipa, kwa sababu ya kiswichi ambacho sikukisukuma.

"Na vingine je, fundi? Vimekufa?"

"Mara nyingi pawa saplai hujitoa mhanga, wengine wakapona. Mara nyingi. Tutajua." Akanipa ile nyingine, ya 60,000, kwa 45,000, pengine kwa kunihurumia. Akanifundisha kuipima peke yake, bila kifaa kingine: unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi kwenye ile plagi kubwa, unawasha. Feni ikizunguka, moto upo. Ikazunguka. Nikamkumbuka yule mama wa vyungu.

"Kuunda ni elfu ishirini," fundi akasema.

"Sina, fundi."

"Basi kaa pale kwenye kona, uunde mwenyewe. Nafunga saa tatu usiku."

Nikakaa. Mikono ilitetemeka, sitakuficha. Kwanza keisi: ndani yake unafunga vijiguu vidogo vya shaba, mothabodi ikae juu yake isiguse bati, maana ikigusa bati inapiga shoti. Kisha prosesa. Soketi yake ina pini 1,155, nyembamba kuliko ndevu za kambale, na ukipinda moja tu umekwisha. Unanyanyua mkono wa chuma, unaishusha prosesa wima bila kuisukuma, inakaa yenyewe kwa uzito wake, ndipo unarudisha mkono. Kisha pesti ya joto. Nikauliza niweke kiasi gani. Fundi akacheka. "Wewe si wa Kyela? Weka punje moja ya mchele."

Nikaweka punje moja. Juu yake nikafunga feni kwa kukaza pande zinazotazamana, ikae sawa. Ramu nikaibonyeza hadi vishikizo vikalia "taa" pande zote mbili. Diski. Plagi kubwa yenye matundu 24. Zile nyaya nyembamba za swichi na taa za mbele, ambazo zinamtoa mtu jasho kuliko kazi nyingine zote kwa sababu maandishi yake yanasomwa na sisimizi. Saa mbili na nusu nikasema, tayari. Nikatazama kama kuna kiswichi chekundu. Hakuna, hii ilikuwa ya aina inayojirekebisha yenyewe. Nikabonyeza.

Feni zikazunguka zote. Taa ikawaka. Monita ikabaki nyeusi ti.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikatoa ramu, nikairudisha. Nyeusi. Tumbo likawa baridi. Nikajua basi, ule mlipuko wa Septemba uliua jiko lote, na mimi nimeshona sanda ya maiti kwa masaa matatu. Fundi alikuwa anakula chipsi mayai. Alitazama kwa mbali, akameza, akasema, "Umempa moto kila mtu, mpishi je?"

Nikainama. Kwenye kona ya mothabodi, karibu kabisa na prosesa, kulikuwa na kitundu cha plagi ya mraba yenye matundu manne. Kitupu. Waya wake nilikuwa nimeuficha mwenyewe nyuma ya diski nikidhani ni wa ziada. Prosesa ina njia yake ya moto, volti 12, mbali na ile plagi kubwa. Nikauvuta, nikauchomeka, nikafumba macho, nikabonyeza.

Mlio mmoja mfupi. Nikafumbua macho. Maandishi meupe yalikuwa yanapanda kwenye kioo: jina la prosesa, ukubwa wa ramu, na mwisho malalamiko kwamba hakuna programu ya kuanzia. Sijawahi kufurahia kulalamikiwa kama siku ile. Nilipiga yowe, mlinzi wa soko akaja kuchungulia.

Fundi alinipa programu ya bure ya Lubuntu, ndugu mdogo wa Ubuntu, kwa sababu mashine yangu ni ya kimaskini na programu nzito zingeilemea. Usiku ule, kwa shangazi yangu Mabatini, nilifungua programu ya kuandikia ya LibreOffice, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Kisha nikalifuta kwa aibu, nikaandika jina la riwaya.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za serikali kuleta mkanganyiko, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mama yangu alizaliwa mwaka huo huo wa 1974. Ilipofika Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili, ya bure kwa kila mtu. Na hii LibreOffice ninayoandikia makala haya ilitokana na OpenOffice mwaka 2010. Basi nikawaza: kati ya marufuku ile na punje yangu ya mchele ni umri wa Mama tu. Si mbali.

Lakini kuna jambo moja bado sijakusimulia. Nilipofika nyumbani, nikaiweka kompyuta juu ya meza, Mama akasimama nyuma yangu ameshika kiuno. Mfukoni nilikuwa na ile flashi ya zamani, iliyoliwa. Niliichomeka ili niifute nipate ya kuhifadhia. Dirisha likafunguka. Zile alama za mishale zilikuwepo, na pembeni yake, pametulia kana kwamba hapakutokea kitu, palikuwa na faili langu. Kurasa 140.

Virusi havikuwa vimekula chochote. Virusi vya aina ile huficha mafaili yako na kuweka mishale ya uongo mbele yake, na programu ya steshenari ilitii amri ya kuficha. Lubuntu haikuijua amri hiyo, ikaonyesha kilichopo. Kaunta buku ya kwanza, niliyoizika na mafuriko, ilikuwa inatembea nami mfukoni muda wote, hata Matema, ndani ya suruali inayonuka usipa.

Nililia. Mama akauliza kimeungua nini tena.

Ya pili haikurudi. Sitakudanganya kwa kumalizia hadithi vizuri kuliko ilivyokuwa. Sura saba zimekwenda na maji, na nimekuwa naziandika upya mwaka mzima wa 2025 na zaidi, sentensi kwa sentensi, na kuna kurasa ambazo najua kabisa zile za zamani zilikuwa nzuri zaidi. Jioni nyingine Mama anavuta kigoda na kusema, "Soma." Nasoma. Hasifu. Juzi alinikatiza kwenye sura ya mavuno, akasema hakuna mtu anayeanika kakao siku mbili ikakauka, nimwache mhusika wangu aanike wiki nzima kama watu wengine. Nikarekebisha.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, unayeandika chini ya kitanda kama mimi, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuuliza si ujinga, na kiswichi chekundu kitazame kwanza. Hela ya mama yako usiile kwa uongo. Na kazi yako iweke mahali zaidi ya pamoja. Yangu ipo kwenye diski, ipo kwenye flashi, na nakala nyingine ipo kwa shangazi, Mabatini, mlimani kule.

Keisi nimeipandisha juu ya meza, na meza juu ya matofali manne. Mama ameyapima kwa macho, akaniambia niongeze mawili.